Lenzi peke yake haitoshi: kabla ya kupasuliwa katarakti, jicho lako limepimwa?

Wakati timu ya wanganga wa macho inafika mahali kwa kampeni ya upasuaji, habari inakimbia haraka. Tangazo linasomwa kanisani na msikitini, linapita kwenye redio, majirani wanaambiana sokoni. Wazee wanaletwa kwa pikipiki, wengine kwa chukudu, wengine kwa mgongo wa mtoto wao. Siku ya pili bandeji zinatolewa, picha zinapigwa, watu wanaimba. Kisha ripoti inatolewa: watu kadhaa wamepasuliwa.

Furaha ile ni ya kweli. Mtu aliyekuwa anaongozwa na mjukuu mpaka chooni, akiona tena sura za watu, ni jambo kubwa. Lakini kuna swali moja ambalo ripoti nyingi hazijibu: miezi sita nyuma yake, kati ya wale waliopasuliwa, ni wangapi wanaona vizuri kwa kazi zao? Juu ya nini mama mmoja anarudi kwa shamba na kwa soko, na jirani yake, aliyepasuliwa siku ile ile na munganga yule yule, anasema bado kuko ukungu?

Sababu ziko nyingi. Leo tunaangalia moja ambayo haizungumzwi sana huku kwetu: kupima jicho kabla ya kuweka lenzi.

Lenzi inaingia wapi

Ndani ya jicho, nyuma ya ile duara nyeusi ya katikati, kuna lenzi ya asili. Ni safi kama maji, na kazi yake ni kusaidia mwangaza ufike sawasawa kwenye retina, sehemu ya nyuma inayopokea picha. Mtu akizeeka, au akipigwa kwenye jicho, au akiwa na kisukari, lenzi ile inaweza kuchafuka na kuwa nyeupe. Hiyo ndiyo katarakti, au mtoto wa jicho. Duniani kote, ndiyo sababu ya kwanza ya upofu. Hakuna dawa ya matone wala ya kunywa inayoiponya. Inatolewa kwa upasuaji.

Zamani wanganga walikuwa wanatoa lenzi iliyochafuka bila kuweka kitu mahali pake. Mgonjwa alipewa miwani mizito ya karibu dioptri 10, yenye vioo vinene kama chini ya chupa. Miwani ikivunjika au ikipotea, mtu alirudi kwenye upofu. Wazee wengine wanakumbuka miwani ile.

Siku hizi, lenzi ya asili ikitolewa, lenzi ndogo ya plastiki inawekwa mahali pake na inabaki mule maisha yote. Mtu haivui, haioshi, haisikii kama iko. Lakini kila lenzi iko na nguvu yake, inayohesabiwa kwa dioptri, kama vile kiatu kiko na namba. Na macho ya watu hayafanani.

Kosa la kwanza lilikuwa la nguvu

Historia ya lenzi hii inatufundisha. Wakati wa vita ya pili ya dunia, marubani wa ndege za vita za Uingereza walijeruhiwa macho na vipande vya plastiki kutoka kwa kioo cha ndege yao. Anayetajwa zaidi ni Gordon Cleaver, aliyejeruhiwa mwaka 1940. Munganga wa macho Harold Ridley aliona kwamba vipande vile vinaweza kubaki ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Akafikiri: kama plastiki hii inakaa vizuri, juu ya nini tusitengeneze lenzi nayo?

Ridley hakuwa mgeni wa Afrika. Wakati wa vita ile ile alitumwa Gold Coast, Ghana ya leo, na huko alichunguza onkosekozi, ule upofu wa mtoni ambao mikoa mingi ya Kongo inaujua.

Tarehe 29 Novemba 1949, kwenye hopitali ya St Thomas' kule London, alimpasua mwanamke wa miaka 45 na akamwekea lenzi ya plastiki. Wakubwa wengi wa kazi ya macho walimpinga kwa miaka mingi. Lakini jambo linalotuhusu leo ni lingine: lenzi ilikaa ndani ya jicho, ila nguvu yake ilikuwa imezidi sana. Ridley alifuata umbo la lenzi ya mwanadamu, lakini plastiki inapinda mwangaza kuliko lenzi ya asili. Mgonjwa akabaki anaona vya karibu kabisa tu. Vya mbali vilikuwa ukungu.

Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, kazi hii ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: je, jicho litaikubali lenzi? Hilo lilijibiwa. La pili: lenzi ya nguvu gani kwa jicho gani? Hilo linapaswa kujibiwa upya kwa kila mgonjwa.

Hesabu yenyewe

Kupata nguvu ya lenzi, wanganga wanapima vitu viwili vikubwa. Kwanza, urefu wa jicho toka mbele mpaka nyuma. Kwa mtu mzima urefu huo uko karibu na milimita 23,5, lakini wengine wako na 22 na wengine 25 au zaidi. Pili, mpindo wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Vipimo hivi kwa pamoja vinaitwa biometri.

Vipimo vinaingizwa kwenye fomula. Mwaka 1980, wanganga watatu wa Marekani, Sanders, Retzlaff na Kraff, walitoa fomula iliyojulikana kwa herufi za majina yao, SRK. Ni rahisi mpaka mtu anaweza kuifanya kwa kalkuleta ya simu: chukua namba ya aina ya lenzi, ambayo inapatikana kwa mtengenezaji, toa urefu wa jicho mara 2,5, toa tena mpindo wa konea mara 0,9.

Tufanye mfano. Namba ya lenzi ni 118,4 na mpindo wa konea ni 43,5. Kwa jicho la milimita 23,5, jibu ni dioptri 20,5. Kwa jicho fupi la milimita 22, jibu ni karibu 24. Kwa jicho refu la milimita 25, jibu ni karibu 17. Konea ni ile ile, aina ya lenzi ni ile ile, lakini kati ya jicho fupi na jicho refu kuna tofauti ya zaidi ya dioptri 7.

Sasa wazia watu watatu hawa wanawekewa wote lenzi ya 20,5 kwa sababu ndiyo ya wastani. Wa kwanza anaona vizuri. Mwenye jicho refu anaona vitu vilivyo chini ya nusu mita tu: sahani yake ataiona, lakini mtu anayemsalimia ng'ambo ya barabara hatamjua. Mwenye jicho fupi anapata shida kwa mbali, na kwa karibu ni mbaya zaidi: hawezi kuchambua maharagi wala kutoa vijiwe kwenye mchele. Kwenye ripoti ya kampeni, wote watatu wameandikwa kwamba wamepasuliwa.

Fomula ya 1980 imeshapitwa. Ilikuwa inakosea zaidi kwa macho mafupi sana na marefu sana, na watafiti walileta nyingine: SRK/T, Holladay, Hoffer Q, Haigis, Barrett. Utafiti bado unaendelea. Lakini fomula nzuri kuliko zote, ukiipa kipimo kibaya, itakupa jibu baya.

Mkono unaobonyeza

Huku kwetu, njia ya kawaida ya kupima urefu wa jicho ni ekografi. Matone ya kufisha maumivu yanawekwa, kisha kijiti cha mashini kinaguswa kwenye konea. Sauti ambayo sikio haliisikii inaenda mpaka nyuma ya jicho na kurudi, na mashini inahesabu urefu.

Shida iko kwa mkono. Jicho ni laini. Anayepima akibonyeza kidogo tu, jicho linafupika na mashini inaandika urefu usio wa kweli. Kosa la milimita moja linaleta kosa la dioptri 2,5 mpaka 3. Hata sehemu ya kumi ya milimita inaleta karibu robo ya dioptri. Ndiyo maana mpimaji mzuri hachukui kipimo kimoja. Anapima mara nyingi, anatupa vile vinavyotofautiana sana na vingine, na anapima macho yote mawili hata kama ni moja litapasuliwa. Kwa kawaida macho mawili ya mtu mmoja hayatofautiani sana. Yakitofautiana, hiyo ni alama ya kurudia kipimo. Kuna pia njia ya kuweka kikombe kidogo cha maji juu ya jicho, ili kijiti kisiguse konea. Inachukua minuti zaidi, lakini inaondoa kosa la kubonyeza.

Mara nyingi mpimaji ni munesi au fundi wa macho, si mpasuaji mwenyewe. Mtu huyo hapigwi picha siku ya bandeji, lakini matokeo yako mikononi mwake. Kumfundisha vizuri na kumpa muda kunaweza kusaidia kuliko kununua mashini mpya.

Mashini za bei kali na katarakti nyeupe

Mwaka 1999, kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilitoa IOLMaster, mashini inayopima jicho kwa mwangaza bila kuligusa. Inakosea kidogo sana, na katika nchi tajiri ndiyo njia ya kawaida leo. Nchini Uingereza, mwaka 2009, wanganga walipendekeza kiwango: wagonjwa 85 kati ya 100 wawe ndani ya dioptri moja ya lengo lililopangwa, na 55 ndani ya nusu dioptri.

Je, tununue mashini hizo kwa kila hopitali ya Kivu, ya Ituri, ya Maniema? Jibu si rahisi. Bei yake inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, wakati mashini ndogo ya ekografi iko na bei ya chini zaidi. Inahitaji umeme usiokatika-katika na fundi wa kuitengeneza. Na kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitangazi sana: mwangaza unapaswa kupita ndani ya jicho ndipo upime. Katarakti ikiwa nzito na nyeupe kabisa, mwangaza haupiti. Na wagonjwa wa huku kwetu wanafika wakiwa wamechelewa. Njia mbaya, vita, kukosa pesa za usafiri, kusubiri mpaka jicho la pili nalo lizime: wengi wanafika na katarakti nyeupe ile ile ambayo mashini ya mwangaza inashindwa kupima. Kwa hiyo hata hopitali yenye mashini ya bei kali bado inahitaji ekografi na mkono uliofundishwa.

Mbinu ya upasuaji nayo si lazima iwe ya gharama kubwa. Mwaka 2007, timu ya Sanduk Ruit wa Nepal ilitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 108. Nusu walipasuliwa kwa mashini ya kisasa inayovunja katarakti kwa mawimbi ya sauti, nusu kwa mkono kupitia tundu dogo lisiloshonwa. Baada ya miezi sita, wagonjwa 98 kati ya 100 katika kila kundi walikuwa wanaona 6/18 au zaidi wakisaidiwa na miwani inayowafaa. Ile njia ya mkono ilikuwa ya haraka zaidi na bei yake chini sana.

Bei ya lenzi ilishuka. Shida ni sanduku

Kuna watu wanafikiri lenzi yenyewe ndiyo ghali. Zamani ilikuwa hivyo. Lakini tangu mwaka 1992, kiwanda cha Aurolab kule Madurai, India, kilianza kutengeneza lenzi za bei ndogo, na baadaye shirika la Fred Hollows lilisaidia kuanzisha viwanda Nepal na Eritrea. Lenzi iliyokuwa inapita dola 100 ikaweza kupatikana kwa chini ya dola 10.

Tatizo la leo ni la sanduku. Ukitaka kuwa na lenzi toka dioptri 10 mpaka 30, kwa hatua ya nusu dioptri, ni aina 41, na kila moja uwe nazo kadhaa. Timu inayosafiri kwa pikipiki au kwa ndege ndogo inashawishika kubeba zile za katikati tu. Hata kama mgonjwa amepimwa vizuri na anahitaji 25, kama sanduku limebaki na 21, nini kitafanyika? Njia zikiwa mbaya, ni vigumu kusubiri lenzi nyingine. Kufungwa kwa uwanja wa ndege wa Goma mwezi wa kwanza 2025 kulirefusha njia za dawa na vifaa vya hopitali, na lenzi nazo zinapita njia hizo hizo. Munganga anabaki kuchagua: kumrudisha mgonjwa aliyetembea siku mbili, au kumwekea isiyo ya kwake.

Chaguo hilo halipaswi kufanyika kwa siri. Mgonjwa anaweza kuambiwa ukweli: tunayo hii, itakubidi kuvaa miwani, au usubiri. Akubali mwenyewe.

Kuna pia upande mzuri wa kupima: mgonjwa anaweza kupangiwa jicho kulingana na kazi yake. Lenzi ya kawaida inaona vizuri umbali mmoja. Dereva wa chukudu anahitaji kuona mbali. Mshonaji anaweza kupenda kuona sindano bila miwani. Lakini kupanga hivyo kunataka mambo mawili: kipimo sawa, na munganga anayemuuliza mgonjwa kazi yake ni nini.

Kwa watoto mambo ni magumu zaidi. Jicho la mtoto mchanga liko na karibu milimita 17 na linaendelea kukua. Lenzi inayomfaa leo itamzidi nguvu akikua. Ndiyo maana wapasuaji mara nyingi wanamwekea yenye nguvu pungufu na kumpa miwani inayobadilishwa kila mara. Mtoto hapaswi kusubiri kampeni. Ukiona kitu cheupe katikati ya jicho la mtoto, mpeleke haraka, kwa sababu ubongo usipojifunza kuona mapema, upasuaji wa baadaye hautamsaidia vya kutosha.

Jicho moja, kijiji kizima

Utafiti uliotolewa mwaka 2010 kuhusu Kenya uliuliza juu ya nini wagonjwa wa katarakti wanakataa upasuaji hata ukiwa wa bure. Ulionyesha nguvu ya uvumi. Huku kwetu nani atashangaa? Watu hawasomi ripoti za hopitali, wanaangalia jirani. Mzee mmoja akirudi na kusema wamemharibu jicho, kumi wengine watabaki nyumbani, na wengine wataenda kwa wale wanaochokoa jicho kwa sindano, njia ambayo inaua macho mengi. Kumbe pengine jicho la mzee yule halijaharibika. Lenzi ina nguvu isiyo yake tu, na miwani ingemsaidia. Hakuna aliyemwambia.

Na dunia imebadilisha namna ya kuhesabu. Mwaka 2021, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuongeza kwa pointi 30, kufikia 2030, sehemu ya watu wenye katarakti waliopasuliwa na ambao wanaona vizuri. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Kongo ni mwanachama. Kwa lengo lile, mtu aliyepasuliwa na haoni vizuri hahesabiwi kuwa ushindi.

Kwa hiyo viongozi wa afya wa jimbo, na mashirika yanayoleta kampeni, wanaweza kuombwa mambo matatu bila kusubiri pesa nyingi. Kila mgonjwa awe na karatasi yenye urefu wa jicho, mpindo wa konea na nguvu ya lenzi aliyowekewa. Kila kampeni irudi baada ya wiki kadhaa kupima na kutoa miwani. Na ripoti iseme wangapi wanaona kiasi gani, pamoja na wale ambao mambo hayakwenda vizuri.

Kwa wewe unayempeleka mzazi

Kabla ya upasuaji, uliza kwa heshima: jicho limepimwa urefu? Lenzi ya nguvu aliyohitaji iko? Tutarudi lini kwa kipimo cha miwani? Kisha chunga karatasi ya lenzi kama unavyochunga kadi ya uchaguzi; itahitajika jicho la pili likipasuliwa.

Kama ameshapasuliwa na bado anaona ukungu, usikate tamaa. Mrudishe kwa munganga wa macho. Kuna kosa la nguvu ambalo miwani inarekebisha. Kuna ngozi nyembamba inayoweza kuchafuka nyuma ya lenzi, hata miaka baadaye, na inafunguliwa kwa leza kwa minuti chache. Na kuna magonjwa mengine, kama glokoma au onkosekozi iliyoharibu nyuma ya jicho, ambayo lenzi haiwezi kuponya. Hapo familia inastahili kuambiwa ukweli. Lakini akipata maumivu makali, jicho jekundu au uoni unaoshuka ghafla baada ya kupasuliwa, usisubiri kesho.

Kampeni ijayo ikipita kwenye eneo lako la afya, wapokee wanganga vizuri na uwapeleke wazee. Uliza tu, kabla ya kuuliza upasuaji ni bei gani: mutampima?